Rili ya Kuazima: Kuifungua, Kuisafisha na Kuirudisha kwa Mwenyewe



Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniletea maswali ya talaka, ya eda na ya mirathi. Juma hili swali limekuja likiwa ndani ya mfuko wa unga. Limeletwa na mama mmoja mjane wa hapa Subukia, pamoja na mwanawe wa miaka kumi na minne, na ndani ya mfuko mlikuwa na rili ya kuvulia samaki, yaani lile gurudumu la kukunjia mshipi linalofungwa kwenye ufito. Marehemu mumewe alifanya kazi pwani miaka mingi. Aliporudi huku bara alikuja na rili hiyo, aliyoiazima kwa rafiki yake wa Takaungu kwa nia ya kuivulia Naivasha msimu mmoja kisha airudishe. Mauti yakamtangulia. Rili ikakaa juu ya kabati, kijana akaiteremsha, akawa anaivulia kwenye bwawa la jirani, hata siku moja mkono wake ukakataa kuzunguka.

Sasa mwenyewe amepiga simu. Kaskazi inakaribia, bahari inatulia, na yeye ni mvuvi anayeitaka rili yake. Mama aliniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: "Maalim, hili ni deni juu ya marehemu? Na kama ni deni, nitalilipa kwa kitu gani?" Kijana alikuwa amesimama nyuma ya mamake, ameinamisha kichwa, hasemi.

Nitaanza na la sheria kwa ufupi, kisha tuingie kazini, kwani katika jambo hili kazi ya mikono ndiyo iliyotoa ushahidi.

Rili hii haimo katika tirka kabisa. Tirka ni mali ya marehemu, na hii si mali yake. Nalitaja hili kwa sababu nimeona katika nyumba nyingi kila kilichokutwa chumbani kikiandikwa kuwa urithi, hata sufuria ya jirani. Kuazimana huku mafakihi hukuita ariya, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, ariya hukatika kwa kufa mmoja wa wale wawili. Mwazimaji akifa, warithi wake hawairithi ile ruhusa ya kutumia. Wanachokipokea ni wajibu wa kurudisha, hata kama mwenyewe hajadai.

Ama dhamana, Mashafii wasema kwamba kilichoazimwa kikiharibika mkononi mwa mwazimaji hukilipa hata kama hakuzembea, isipokuwa uchakavu uliotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Tegemeo lao ni kisa cha Safwan bin Umayya, ambaye Mtume (s.a.w.) aliazima deraa kwake kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, akamthibitishia kuwa ni ariya yenye dhamana. Wanazuoni wa Kihanafi huona vingine: kwao ariya ni amana, na mwazimaji halipi mpaka avuke mpaka. Kwa rili yetu, basi, palikuwa na maswali mawili. Ni kipi kilichoharibika kwa maji ya bahari, marehemu yu hai na anaitumia kwa idhini? Na ni kipi kilichoharibika baada ya kufa kwake, mikononi mwa mtoto ambaye mwenye mali hakumruhusu? Cha kwanza ni uchakavu. Cha pili kina fidia, wala fidia hiyo haimwangukii marehemu kaburini. Mtoto hana dhambi, lakini mali ya mtu haipotei bure kwa kuwa aliyeivunja ni mtoto.

Hakuna kadhi awezaye kuyajua hayo kwa kuitazama rili iliyofungwa. Ilibidi ifunguliwe, na aliyeifungua ni mama mwenyewe, juu ya meza ya jikoni kwake, mke wangu akiwa naye na kijana akipiga picha kwa simu. Mimi nilikaa barazani nikiulizwa hapa na pale. Nimezaliwa na kulelewa pwani, nimevua kabla ya kufundisha, na chombo hiki nakijua.

Wapo watakaouliza, mwanamke na rili wapi na wapi? Nawajibu kwamba rili ya namna hii ni ndugu wa cherehani. Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Holden Illingworth, wa ukoo wa wenye viwanda vya nguo huko Bradford, alisajili hataza ya rili ambayo bobini yake husimama tuli na mshipi ukachomoka kwa mbele, kama uzi unavyochomoka kwenye bobini za kiwandani. Gurudumu la mshipi lenyewe ni la kale zaidi ya hapo. Mchoraji wa Uchina aitwaye Ma Yuan, wa mwisho wa karne ya 12, alimchora mvuvi juu ya mtumbwi akiwa na ufito wenye gurudumu. Na rili mashuhuri za Ufaransa katika karne iliyopita zilitengenezwa Cluses, mji wa mafundi wa saa. Uzi na saa, basi. Mama anayeweza kufungua sehemu ya bobini ya cherehani yake, akatoa manyoya ya kitambaa na kuirudisha, ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Wazee wetu wavuvi hawakuwa na haja na haya yote. Mshipi waliukunja kwenye kibao, wakavua kolekole na changu kwa vidole vyao. Lakini pwani siku hizi rili zimejaa, nyingi zikiwa zimeachwa na wageni waliokuja kuvua Malindi na Watamu, na katika nyumba nyingi za wasomaji wetu iko moja, imelala stoo, imeganda.

Tuelewe kwanza kinachozunguka. Ukizungusha mkono, gia kubwa ndani ya kisanduku huzungusha gia ndogo, na gia ndogo huzungusha kichwa chenye upinde wa waya. Upinde huo hulizunguka bobini na kuulaza mshipi juu yake, huku bobini ikipanda na kushuka ili mshipi ukae sawasawa. Juu ya bobini pana kifundo cha breki, na chini yake mmepangwa washa za duara, moja ya chuma na moja ya manyoya au kitambaa kigumu, zinazobanana. Samaki mkubwa akivuta, washa huteleza kidogo na mshipi hutoka badala ya kukatika. Mkono nao huzunguka upande mmoja tu, kwa sababu ya kizuizi kilicho chini ya kile kichwa.

Adui wa kwanza wa haya yote ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka huiacha chumvi nyuma, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewani, hata rili iliyoko kabatini ikawa kama imelowa kila usiku. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba juu yake, na chumvi huutoboa utando huo. Ndipo uonapo unga mweupe. Mahali skrubu ya chuma ilipoingia kwenye alumini pana balaa zaidi, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa kwa ajili ya nyingine. Shaba nayo hutoa ukijani. Huku kwetu bondeni chumvi hatuna, lakini tuna vumbi. Udongo wa Bonde la Ufa umetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano, na chembe zake zikiingia kwenye grisi huwa msasa unaosaga meno ya gia kila mkono unapozunguka. (Nchi yetu hii haitulii hata chini: tetemeko la tarehe 6 Januari 1928, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya, lilipasua ardhi papa hapa bonde la Subukia.) Basi katika rili moja, chumvi ilikuwa ushahidi wa wakati wa baba, na vumbi na tope ushahidi wa wakati wa mwana.

Kabla ya kufungua chochote rili huoshwa nje. Kaza kifundo cha breki kwanza, ili maji yasiingie kwenye washa zake. Tia sabuni laini katika maji ya vuguvugu, chovya mswaki mkuukuu, usugue taratibu, kisha mimina maji safi kwa kikombe. Usiiweke chini ya bomba lenye nguvu wala usiitumbukize katika ndoo, kwani nguvu ya maji husukuma chumvi ndani kuliko kuitoa. Wavuvi wengi huharibu rili kwa kuiosha sana na vibaya. Ipanguse, iache ikauke kivulini penye upepo.

Kisha andaa meza. Tandika kitambaa cheupe juu ya sinia lenye kingo, ili kidude kidogo kikianguka kisitokomee chini ya jiko. Pata trei tupu ya mayai: kila kinachotoka kiingie shimo lake, kwa zamu, tangu shimo la kwanza. Skrubu mbili zinazofanana kwa macho zaweza kuwa na urefu tofauti, na ile ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa au hugusa gia. Kila hatua ipigwe picha kabla ya mkono kugusa kingine. Hili la picha kijana alilifanya vizuri, zaidi ya arubaini, na ziliokoa saa nzima wakati wa kurudisha.

Fungua kifundo cha breki mpaka mwisho, bobini itachomoka. Ondoa mkono, angalia kwamba mikono mingine hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na desturi, kwa hiyo ikikataa upande mmoja usitie nguvu, jaribu wa pili. Halafu skrubu za kifuniko cha ubavuni. Hapa ndipo subira hutafutwa. Skrubu iliyoganda kwa chumvi haifunguliwi kwa hasira. Tia tone la mafuta ya cherehani, iache ilale usiku kucha, na asubuhi tumia bisibisi inayojaza ufa wa skrubu sawasawa. Bisibisi ndogo kuliko ufa hula kichwa cha skrubu, na hapo nyumbani pameshindwa, rili imekuwa ya fundi. Kati ya skrubu nne za rili hii, tatu zilitoka asubuhi na ya nne ilitoka jioni ya siku ya pili.

Kifuniko kilipoondoka mama alinyamaza, kisha akaniita nisogee dirishani nione. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka, imekuwa kahawia kama halua iliyosahaulika. Juu yake palikuwa na utando wa tope jepesi la kijivu. Mama alikwangua kwa kijiti cha mshikaki, tabaka kwa tabaka, kama nilivyomwomba. Tope lilikuwa juu ya grisi, halikufika chini. Chini ya grisi, mahali tope halikufika, ndipo palipokuwa na unga mweupe, na beringi ya upande wa mkono imeshika kutu nyekundu mpaka gololi zake hazionekani. Hiyo beringi ndiyo iliyokwamisha rili. Kutu iliyofunikwa na grisi kavu haikuingia juzi. Ilianza bahari, zamani. Kijana hakuwa ameikwamisha. Alikuwa amelala na dhana hiyo wiki mbili.

Yake aliyoyafanya yalikuwa mengine: upinde wa waya ulipinda alipoiangusha juu ya mawe, na springi yake ikakatika. Na lile tope, bila shaka, lake. Alikiri yote mwenyewe bila kuulizwa, baada ya kuona kwamba kuna mtu anayepima badala ya kulaumu.

Narudi kwenye kazi. Chini ya gia kubwa kuna washa nyembamba kama karatasi, pengine moja, pengine tatu, na huwa zimenata kwenye grisi hata mtu asizione. Zirudi upande uleule na kwa idadi ileile. Zikipotea, gia hukaa mbali au karibu mno na mwenziwe, nayo husaga.

Grisi kuukuu ifutwe kwanza kwa kitambaa, kisha sehemu za chuma na shaba zisuguliwe kwa mswaki uliochovywa katika mafuta ya taa kidogo. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na jiko na mbali na watoto wadogo, na chupa ya mafuta hayo isiwe chupa ya soda, kwani mtoto akiiona hunywa. Petroli na tina ya rangi visitumike: vina hatari zaidi ya moto, na plastiki huvilainisha. Ukijani wa shaba huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikipakwa kwa pamba dakika chache, kisha ikaoshwa vizuri. Alumini usiiloweke katika siki, itaumia. Mwisho kila kitu kioshwe kwa maji ya sabuni, kikaushwe kabisa. Unyevu uliobaki chini ya grisi mpya ni kutu ya mwaka ujao.

Beringi ijaribiwe ikiwa imetoka. Ivishe kwenye penseli, uizungushe kwa kidole karibu na sikio. Ikizunguka kimya, tone moja la mafuta ya cherehani layatosha mahitaji yake. Ikilia kama mchanga, iloweke katika mafuta ya taa, izungushe, badilisha mafuta, irudie mara mbili tatu, ikauke, uijaribu tena. Ikiendelea kulia imekufa. Beringi mpya hununuliwa kwa vipimo vitatu vya milimita: tundu la ndani, kipenyo cha nje, na unene. Ichukue ya zamani mkononi uende nayo dukani, hutakosea.

Sasa grisi. Watu wengi hudhani ikiwa nyingi ndiyo heri. La hasha. Grisi ipakwe kwenye meno ya gia kama ile samli ya mwisho juu ya chapati, utando tu, kisha zungusha ienee. Ikijaa hubeba vumbi, na kwa baridi ya asubuhi ya huku Subukia huwa nzito hata mkono ukachoka. Na kwa kuwa nimetaja samli, niseme wazi: samli, mafuta ya nazi na mafuta ya kupikia yasiguse rili. Huganda, huoza na kunata kama gundi. Yale mafuta ya kupuliza ya mkebe hufukuza maji na kulegeza skrubu, lakini hayakai. Si badala ya grisi. Mafuta mepesi ya cherehani ni ya beringi, ya kifundo cha mkono, ya maungio ya upinde na ya kile kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi. Kizuizi cha kurudi nyuma kisitiwe grisi kamwe. Kikiteleza, mkono utarudi nyuma samaki akivuta, na vidole vitaumia.

Washa za breki zipanguswe kwa kitambaa kikavu na kurudishwa kwa mpangilio zilivyotoka. Zile za manyoya zisitiwe katika mafuta ya taa. Kama hujui kama zilikuwa kavu au zenye grisi, tazama ile picha, uzirudishe kama zilivyokuwa.

Ule upinde wa waya mama aliunyoosha kwa vidole, kidogo kidogo, akiufunga na kuufungua kila mara kuona kama unafika mahali pake. Nyundo na koleo hazikuguswa. Springi haitengenezwi. Kijana alijaribu kukata springi ya kalamu, ikaingia, ikashika siku moja, ikalegea. Wala si ajabu, kila springi imepimwa kwa kazi yake. Iliagizwa nyingine Mombasa pamoja na beringi, ikaja kwa basi.

Kuna jaribio moja nawapa akina mama kwa kuwa mnalijua kwa hariri. Chukua pamba kavu, uipitishe polepole kwenye ukingo wa bobini na juu ya kigurudumu cha mshipi. Ikinasa unyuzi, pana kovu ambalo jicho halilioni, na kovu hilo ndilo linalokata mshipi siku ya samaki mkubwa. Sugua hapo kwa msasa mwembamba kabisa, upitishe pamba tena mpaka isinase.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, shimo la mwisho la trei likianza. Skrubu zishikwe zote kwanza kwa wepesi, ndipo zikazwe kwa zamu, moja ya juu na moja ya chini, ili kifuniko kikae sawa. Zungusha mkono mara hamsini. Ikiwa pana mahali pamoja panapogoma katika kila mzunguko, fungua tena. Hakuna rili inayojirekebisha yenyewe. Mshipi ukunjwe ukiwa na mkazo, mtu wa pili akiupitisha katika kitambaa chenye maji, na usijazwe mpaka ukingoni: bakiza kama milimita mbili. Mliotia uzi kwenye bobini ya cherehani ukiwa umelegea mnajua kilichowapata. Ukijazwa kupita kiasi huchomoka wote kwa fundo moja.

Rili ilipozunguka, mama alimpigia simu yule mzee wa Takaungu, akamweleza yote: beringi iliyokufa kwa chumvi, upinde uliopinda, springi, na kwamba mtoto aliitumia miezi kadhaa bila idhini. Nilimsisitizia hilo la mwisho lisifichwe. Katika madhehebu yetu, kutumia mali ya mtu bila idhini huwa na ujira wake, na mwenye haki ya kusamehe ni mwenyewe, si sheikh. Mzee akacheka. Akasema beringi ile ilikuwa ikinguruma tangu kabla hajaitoa, na kwamba alimwambia marehemu aitie mafuta. Beringi ni yangu, akasema. Ujira akausamehe. Springi hakuisamehe, naye alikuwa na haki. Akasema kijana ailipe ili ajue bei yake. Kijana ameilipa kwa pesa za mayai ya kuku wake.

Hilo la kijana kuvua bwawani lilihitaji idhini nyingine, na alikuwa nayo. Wapo wanaodhani samaki wa bwawa ni wa yeyote kama wa bahari. Sivyo. Tangu mwaka 2009, Serikali ilipoanzisha mpango wa mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, mabwawa ya kuchimbwa yamekuwa mengi nchini, na ngege aliyepandwa na mtu ni mali ya mtu huyo kama kuku wake. Naivasha nako mwenye ufito hutakiwa leseni.

Kuhifadhi ni maneno machache. Legeza kifundo cha breki, maana washa zikibanwa miezi husinyaa na hazishiki tena. Ifunge rili katika kitambaa cha pamba, usiitie katika mfuko wa plastiki ambao hufungia unyevu ndani. Walio pwani wenye kuvua kila juma waioshe kila warudipo na kuifungua mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni kusi inapoanza, mashua zikiwa zimepandishwa. Walio bara wasitishwe na ukubwa wa kazi; rili isiyogusa chumvi hudai kifuniko kufunguliwa kila baada ya misimu miwili au mitatu, labda iwe imeanguka kwenye mchanga.

Mshipi kuukuu wa nailoni, huo mliouondoa kabla ya kuanza, usitupwe uani wala jaani. Hauozi kwa miaka mingi, na kuku na paka hunaswa miguu mpaka ikakatika. Ukateni vipande vifupi kwa mkasi, vipande vya urefu wa kidole, ndipo viingie kwenye taka.